Philipp Melanchthon na Nyumba Aliyojengewa

Jina la Dkt. Martin Luther twalifahamu sote tangu siku za mafundisho ya kipaimara, na Katekismo yake Ndogo twaijua kwa moyo. Lakini Ungamo la Augsburg, ambalo makanisa ya Kilutheri yalishika hata leo, liliandikwa kwa mkono wa rafiki yake, Philipp Melanchthon, mtu mfupi, mwembamba, mwenye afya haba, ambaye hakuwekewa mikono kuwa mchungaji wala hakupanda mimbarani kuhubiri. Habari za vitabu vyake zimesimuliwa mara nyingi. Mwezi huu twapenda kusimulia habari za nyumba yake. Alijengewa bure, asidaiwe hata senti moja, na hata hivyo ilimgharimu sana.

Alizaliwa tarehe 16 Februari 1497 katika mji mdogo wa Bretten, kusini mwa Ujerumani. Baba yake, Georg Schwartzerdt, alikuwa fundi wa kufua mavazi ya chuma ya vita, mwenye sifa mbele ya wakuu. Baba huyo akafa mwaka 1508 baada ya kuugua muda mrefu, na mwana alikuwa na miaka 11 tu. Jina Schwartzerdt maana yake ni udongo mweusi. Ndugu wa ukoo wake, mwana elimu Johannes Reuchlin, akaligeuza kwa Kiyunani kama ilivyokuwa desturi ya wasomi wa siku zile, likawa Melanchthon. Tangu kifo cha baba yake kijana huyu alikaa kwa jamaa na kwa waalimu, kwanza Pforzheim, halafu Heidelberg, halafu Tübingen, kila mahali akiwa mgeni katika nyumba ya mtu mwingine.

Mwezi wa Agosti 1518 akafika Wittenberg kuwa mwalimu wa Kiyunani. Alikuwa na miaka 21. Watu walipomwona mara ya kwanza walimdharau kwa umbo lake, lakini siku chache baadaye akatoa hotuba yake ya kwanza, na Luther aliyekuwa akisikiliza akafurahi mno, akawaandikia marafiki zake kuwasifia kijana yule. Hapo ikaanza hofu nyingine: je, kijana kama huyu atakaa? Mji wa Wittenberg ulikuwa mdogo, wenye nyumba duni, na vyuo vikubwa vilikuwa vikimtamani. Basi Luther na wenzake wakafikiri njia ya kumfunga asiondoke, wakamshauri aoe. Mwenyewe hakuwa na haraka, akiona ya kuwa ndoa itamwibia saa za kusoma. Hata hivyo mwezi wa Novemba 1520 akamwoa Katharina Krapp, binti wa mkuu wa mji. Twaweza kusema kwamba kamba ya kwanza iliyomfunga Wittenberg ilikuwa mke, nayo ilikuwa kamba njema.

Wakakaa katika kijumba kikuukuu, kibovu, kandokando ya njia iendayo kwenye nyumba ya watawa alimokaa Luther. Wageni walistaajabu kuona mwalimu mwenye sifa Ulaya nzima akikaa humo. Ndimo walimozaliwa watoto wao wanne: Anna, Philipp, Georg na Magdalena. Georg alikufa akiwa mtoto mdogo, mwaka 1529. Yasimuliwa kwamba siku moja mgeni kutoka Ufaransa alimkuta mwalimu mkuu akitikisa susu ya mtoto kwa mkono mmoja na kushika kitabu kwa mkono wa pili. Naye Melanchthon mwenyewe amesimulia jinsi Anna, alipokuwa bado mdogo sana, alivyomwona baba yake akilia, akamwendea, akampangusa machozi kwa aproni yake. Katika kijumba hicho aliandika kitabu chake Loci communes, mwaka 1521, kitabu cha kwanza kilichoyapanga mafundisho ya Injili kwa utaratibu. Humo akawafundisha vijana shule ya nyumbani. Alikuwa akikaa humo mwaka 1530, alipotoka kwenda Augsburg kwa ajili ya lile Ungamo lililosomwa mbele ya Kaisari tarehe 25 Juni.

Hata mwaka 1534 alikuwa bado humo, shemasi mmoja kutoka Ethiopia, jina lake Mikaeli, alipofika Wittenberg. Shemasi huyo akakaa majuma kadhaa, akazungumza na Luther na Melanchthon juu ya imani na ibada, na pande zote mbili zikaona kwamba zapatana katika mengi. Twalitaja jambo hili kwa furaha, maana wako wanaodhani ya kuwa Kanisa la Afrika ni mtoto wa juzi.

Mwaka ule ule wa 1534 na mwaka uliofuata watu wakaanza kumgombania Melanchthon. Mtawala Ulrich wa Württemberg alimtaka arudi Tübingen, aliposoma ujanani, akakitengeneze chuo kile. Mfalme Francis I wa Ufaransa alimwandikia barua kumwita, na Mfalme Henry VIII wa Uingereza naye alimtaka. Johann Friedrich, mtawala wa Saksonia, mmoja wa wale wakuu saba waliokuwa na haki ya kumchagua Kaisari, alimkataza safari ya Ufaransa, tena kwa maneno makali, hata Melanchthon akaumia moyo. Lakini mtawala yule hakuwa mjinga. Alijua ya kwamba amri peke yake haimzuii mtu. Mwaka 1536 akaongeza mshahara wake, na kijumba kile kikuukuu kikabomolewa, na mahali pake pakajengwa nyumba mpya.

Nyumba hiyo ingalipo, na watu huiona mpaka leo. Ni nyumba ya mawe na matofali, yenye orofa tatu, na ukuta wa mbele wapanda mpaka kilele cha paa, ukiwa umekatwa kwa mviringo kama ngazi. Madirisha yake ni mengi, mwanga waingia. Nyuma yake iko bustani ndefu. Melanchthon alikuwa na miaka 39. Kwa hesabu zetu za leo hiyo si umri wa uzee, lakini yeye alikuwa mgonjwa mara kwa mara, halali vizuri, na alijihesabu mzee kabla ya wakati. Alikuwa amekaa Wittenberg miaka 18. Sasa alibakiwa na miaka 24, na hiyo yote, isipokuwa siku za safari na za vita, aliimaliza katika nyumba hii.

Je, aliingiaje? Si kama mtu aingiaye mahali pa kupumzika. Mwaka ule wa 1536 alikuwa safarini kwa majuma mengi. Alikwenda kwao Bretten, akaenda Tübingen kukisaidia chuo, na huko alikuwako rafiki yake mpenzi kuliko wote, Joachim Camerarius. Nchi ya kwao, lugha ya kwao, rafiki wa moyo, na watu wanaomwomba abaki! Mwalimu yeyote aliyehamishwa mbali na kwao aweza kufikiri moyo wake ulivyokuwa. Lakini akarudi, Novemba akawa Wittenberg. Alikuta maneno yameanza nyuma yake: mchungaji Conrad Cordatus alikuwa amemshtaki kwamba afundisha vibaya juu ya matendo mema, na wengine walikuwa wameanza kumtilia shaka. Luther hakumtupa. Lakini Melanchthon alianza maisha ya nyumba mpya akijua ya kuwa wako ndugu wasiomwamini.

Na mwezi huo huo wa Novemba 1536 akamwoza binti yake Anna, yule wa aproni, kwa Georg Sabinus, mtunga mashairi, aliyekuwa mwanafunzi wake na aliyekula mezani pake. Anna alikuwa na miaka 14. Sisi wa leo twaona ni mtoto, na hatuoni haya kusema kwamba baba alikosea, ingawa desturi ya siku zile iliruhusu. Sabinus alipenda ukubwa na matumizi. Ndoa ikawa ya machozi. Mwaka 1544 akamchukua mkewe mbali sana, Königsberg. Hivi nyumba ilipata nafasi zaidi, na aliyetazamiwa kuijaza kwa sauti yake akaondoka.

Wengine waliijaza. Wanafunzi walikaa humo na kula humo. Wageni walikuja kutoka Hungaria, Uyunani, Hispania na nchi nyingine, na Melanchthon ameandika kwamba siku moja mezani pake zilisemwa lugha 11. Maskini walijua mlango wake, maana yeye na mkewe hawakuweza kumrudisha mtu mikono mitupu, hata mshahara ulioongezwa haukutosha. Aliyezuia nyumba isianguke kwa ukarimu huo alikuwa mtumishi wao Johannes Koch, aliyekaa nao zaidi ya miaka 30. Ndiye aliyenunua chakula, ndiye aliyetunza hesabu, ndiye aliyewafundisha watoto herufi za kwanza. Alipokufa mwaka 1553 Melanchthon akawaalika watu wa chuo kikuu kwenye maziko, akamwandikia mwenyewe maneno ya kaburini. Hatujui nyumba nyingi za wakubwa ambamo mtumishi alizikwa hivyo.

Bwana wa nyumba alilala mapema jioni, akaamka usiku wa manane ungali giza, akaandika barua. Zinajulikana leo zaidi ya barua 9,000, alizoandika na alizoandikiwa. Walimwita mwalimu wa Ujerumani, kwa kuwa shule na vyuo vingi vilitengenezwa upya siku zile kwa shauri lake au vitabu vyake au wanafunzi wake.

Jambo moja tulitaje, tusije tukamfanya malaika. Mtu huyu mwenye akili nyingi alisadiki habari za nyota. Alikuwa ametabiriwa tangu ujana kwamba atavunjikiwa na chombo katika bahari ya kaskazini, na utabiri huo ulimtia hofu ya kwenda Uingereza na Denmark. Luther alimcheka kwa ajili hiyo, na kwa haki.

Mwezi wa Februari 1546 Luther akafa Eisleben. Melanchthon akawapasha wanafunzi habari hiyo darasani, kisha akasema hotuba ya maziko katika Kanisa la Ngome. Mwaka ule ule vita vikaja. Kaisari Charles V aliwaendea watawala wa Kiprotestanti, na Novemba chuo kikuu kikafungwa. Melanchthon akawatoa watu wa nyumbani mwake, akafunga milango ya nyumba ile nzuri, akakimbilia Zerbst. Kisha akatangatanga: Magdeburg, Braunschweig, Nordhausen. Hakuwa tena na nyumba, kama zamani za ujana wake, ila sasa alikuwa na mke mgonjwa na watoto. Katika ukimbizi huo, mwaka 1547, habari ikamfikia kwamba Anna amekufa huko Königsberg, miaka 24 tu.

Aprili 1547, vitani penye Mühlberg, mtawala Johann Friedrich akashindwa, akatekwa. Kaisari akamnyang'anya cheo chake, na mji wa Wittenberg pamoja na nchi yake akampa binamu yake Moritz, ambaye ingawa alikuwa Mprotestanti alikuwa amepigana upande wa Kaisari. Basi fikirini, wasomaji. Aliyeijenga nyumba alikuwa kifungoni. Wanawe walibakiwa na sehemu ndogo ya nchi, nao walitaka kuanzisha chuo kipya Jena, wakamtaka Melanchthon awe kichwa chake. Nyumba yenyewe sasa ilikuwa chini ya yule aliyemwangusha mjenzi wake. Na Melanchthon akarudi Wittenberg. Mwezi wa Julai alikuwa huko, na kabla ya mwaka kwisha chuo kikafunguliwa tena.

Kwa jambo hili watu wengi hawakumsamehe. Walisema amemwacha bwana aliyemtunza akiwa katika minyororo, akaenda kula chakula cha msaliti. Walisema apenda kiti chake na bustani yake kuliko uaminifu. Yeye alijibu kwamba hakurudi kwa ajili ya Moritz, ila kwa ajili ya chuo. Wittenberg ilikuwa kama kiota kidogo, vifaranga vya nchi nyingi walitoka humo, na asiporudi yeye, kitatawanyika kabisa. Je, mapenzi ya nyumba hayakuwamo? Sisi twaona yalikuwamo. Mtu aliyehamahama tangu miaka 11, akapata hatimaye mlango wake mwenyewe, hawezi kuulizwa apende mahali pote sawasawa. Lakini hatuwezi pia kusema kwamba alirudi kwenye raha, maana mambo yaliyomngoja yalikuwa mabaya kuliko ukimbizi.

Mwaka 1548 Kaisari alitaka makanisa ya Kiprotestanti yarudie desturi nyingi za zamani. Moritz akawataka wataalamu wake, na Melanchthon wa kwanza wao, watafute njia ya katikati. Melanchthon akaona kwamba mavazi, sikukuu na taratibu za ibada ni mambo yasiyookoa wala kupoteza, na ya kuwa ni heri kuyavumilia kuliko makanisa kufungwa na wachungaji kufukuzwa. Matthias Flacius, aliyekuwa mwanafunzi wake na mwalimu mwenzake wa Kiebrania, ambaye zamani alipofika Wittenberg akiwa na mashaka ya roho alifarijiwa na Luther na Melanchthon, akasema kwamba wakati wa mateso hakuna jambo dogo: kukubali desturi kwa kulazimishwa ni kuikana Injili. Mwaka 1549 akaondoka Wittenberg, na kutoka Magdeburg akapiga vitabu vya kumshtaki mwalimu wake. Kanisa letu baadaye, katika Mapatano ya Mwaka 1577, liliamua katika neno hili karibu na Flacius, nasi twakubali uamuzi huo. Lakini kwa namna alivyomtenda mzee wake hatuwezi kumsifu.

Hivi miaka kumi ya mwisho barua za matusi zikaingia kwa mlango ule ule walioingia wageni wa lugha 11. Watu wa Saksonia waliokuwa wakimsifu waligawanyika, wengine kwake, wengine juu yake. Alikuwa akisema mara nyingi kwamba yu tayari kufukuzwa. Hakufukuzwa; akaendelea kufundisha kila siku, asubuhi mapema.

Faraja aliipata kwa watoto. Wajukuu, watoto wa marehemu Anna, walilelewa kwake. Binti yake Magdalena aliolewa mwaka 1550 na Caspar Peucer, tabibu na mwalimu wa hesabu, mkwe mwema, waliyekaa karibu naye mpaka mwisho. Na mwaka 1559 alikuja shemasi wa Kanisa la Mashariki, jina lake Demetrios, kutoka Konstantinopoli. Melanchthon akampokea nyumbani mwake, akakaa naye miezi kadhaa, akiuliza kwa hamu habari za Wakristo walio chini ya Waturuki. Demetrios alipoondoka alichukua barua kwa Patriarki na Ungamo la Augsburg kwa Kiyunani. Jibu halikuja.

Mkewe Katharina hakuyaona hayo. Alikufa Oktoba 1557 baada ya miaka karibu 37 ya ndoa, naye mumewe alikuwa Worms, ameitwa kwenye mashauri ya dini. Camerarius akasafiri mpaka Heidelberg kumletea habari, akamwambia walipokuwa wakitembea bustanini. Melanchthon akainua macho mbinguni, akamwaga mkewe, akasema kwamba yeye naye atafuata upesi. Kisha akarudi kwenye mazungumzo ya kazi. Baadaye akarudi kwenye nyumba iliyo kimya.

Mwishoni mwa Machi 1560 alikwenda Leipzig kuwapima wanafunzi waliosomeshwa kwa fedha za serikali. Njiani kurudi upepo wa baridi ukampiga, na Aprili homa ikamshika. Hakutaka kuacha kufundisha. Alijikokota mpaka darasani, akashindwa. Siku chache kabla ya kufa aliandika karatasi ndogo, upande mmoja mambo ambayo kifo kitamwokoa nayo, upande wa pili mambo atakayopewa. Upande wa kwanza aliandika kwamba atawekwa huru na dhambi, na taabu, na ukali wa wataalamu wa dini. Upande wa pili aliandika kwamba ataingia nuruni, atamwona Mungu, atamtazama Mwana wake, na atajifunza siri asizoweza kuzifahamu hapa, kwa nini tumeumbwa hivi tulivyo, na jinsi asili mbili zilivyounganika katika Kristo. Hata mbinguni alitazamia kuwa mwanafunzi.

Kwa kuwa alitaka kuwa karibu na vitabu vyake, walimtandikia kitanda chake cha safari katika chumba cha kusomea. Alipokiona alifanya mzaha, akiuliza itakuwaje kama atasafiri kwa kitanda hicho. Tarehe 19 Aprili wachungaji na waalimu walimzunguka wakimsomea Zaburi na maneno ya Injili. Peucer akamwuliza kama ahitaji kitu, naye akajibu kwamba hahitaji ila mbingu, wasimsumbue tena. Jioni ile, karibu saa moja, akafa, mwenye miaka 63.

Milango ikafunguliwa, wanafunzi na watu wa mjini wakapanda ngazi kwa makundi kumwona. Siku ya tatu wakamchukua mpaka Kanisa la Ngome, wakamzika mkabala na Luther. Peucer mkwewe alifungwa gerezani mwaka 1574 kwa kuyashika mafundisho ya baba mkwe wake, asitoke mpaka 1586. Nyumba ya kuzaliwa kule Bretten iliteketea kwa moto wa vita mwaka 1689. Ile ya Wittenberg haikuguswa. Tangu 1996 imehesabiwa pamoja na ile ya Luther kuwa urithi wa ulimwengu wote, na mgeni apandaye ngazi zake huonyeshwa chumba kile cha kusomea, penye nafasi ya kitanda kimoja chembamba.